Mbegu Iitwayo Rekodi na Vimeng'enya Vilivyovunja Rekodi

Kuna mbegu ya alizeti ambayo wakulima wengi wa Singida wanaijua kwa jina la Rekodi. Ni mbegu ya zamani, ya uchavushaji huria, iliyofika nchini miongo mingi iliyopita kutoka Ulaya ya Mashariki. Pamoja na mahuluti yote yanayotangazwa redioni kila msimu, ukipita vijiji vya Ikungi au Mkalama na kuuliza watu wamepanda nini, jina hilo bado utalisikia.

Bibi yangu hakununua mbegu hiyo mara mbili. Siku ya kupura, vichwa vikiwa vimekauka na kutandazwa juu ya turubai, alivipitia kimoja kimoja kabla fimbo haijagusa kitu. Alikibonyeza kila kichwa katikati kwa kidole gumba. Katikati ndiko alizeti inakodanganya: pembezoni punje zimeshiba, ndani ni mapepe. Kichwa kilichojaa hadi kitovuni kiliwekwa kando kwenye ungo. Vilivyobaki vikapigwa, vikapepetwa, vikaingia gunia na kwenda mashineni kukamuliwa. Vya kwenye ungo havikwenda popote. Hivyo ndivyo vilikuwa shamba la mwakani.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kazi ile, ikifanywa kwa molekuli zisizoonekana kwa macho, inaleta Tuzo ya Nobel. Mwaka 2018 Mmarekani Frances Arnold alipewa nusu ya Nobel ya kemia kwa mageuko ya kuongozwa ya vimeng'enya: unachukua jeni ya kimeng'enya, unaivuruga kidogo huku na kule ili upate maelfu ya ndugu wasiofanana, unawapa mtihani, unawahifadhi waliofaulu, unaanza upya. Katika fani hiyo kuna kanuni moja inayorudiwa kila mahali: utapata kile ulichokipima, si kile ulichokitamani.

Alizeti inaithibitisha kanuni hiyo. Huko Krasnodar, Urusi, mtaalamu wa mbegu Vasily Pustovoit alianza mwaka 1912 kuchagua alizeti kwa kipimo cha mafuta. Ukubwa wa kichwa na uzito wa gunia havikumshughulisha. Alizigawa punje za kila kichwa mafungu mawili, fungu moja likapimwa na jingine likawekwa akiba, kisha akarudi kwenye akiba ya vile tu vilivyotoa mafuta mengi. Aliikuta alizeti ikiwa na mafuta ya takriban theluthi moja ya uzito wa punje. Akaiacha ikiwa na zaidi ya nusu. Soko linalomlipa mkulima kwa gunia, bila kuuliza gunia limebeba mafuta kiasi gani, limeshachagua mbegu yake bila kujua.

Wenye rekodi ninaotaka kuwasimulia ni jamii moja ya vimeng'enya: polimerasi. Kazi yake ni kunakili DNA. Inashika uzi mmoja, inasoma herufi zake, inaunga herufi za jozi upande wa pili. Bila polimerasi hakuna mche unaokua wala kidonda kinachopona. Na kwa muda wa robo karne sasa, watu wamekuwa wakiichagua kama bibi alivyochagua alizeti, hadi imeanza kuandika vitu ambavyo haikuwahi kuviandika.

Iliyoleta fedha nyingi kuliko zote

Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichota maji ya chemchemi moto katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, wakapata humo bakteria anayestawi kwenye nyuzi joto 70. Walimtangaza mwaka 1969 kwa jina la Thermus aquaticus. Mwaka 1976 polimerasi yake ilitengwa, na watu wengi hawakushtuka.

Kisha mwaka 1983 Kary Mullis, akifanya kazi katika kampuni ya Cetus kule California, akabuni PCR, njia ya kunakili kipande kimoja cha DNA hadi kiwe mamilioni. Njia hiyo inadai DNA ichemshwe kila mzunguko ili nyuzi zake mbili ziachane, na polimerasi ya kawaida ilikufa kwenye joto hilo. Fundi alilazimika kukaa na saa mkononi, akihamisha vijaribio kutoka beseni moja la maji hadi jingine, na kila mzunguko anaongeza kimeng'enya kipya. Polimerasi ya Yellowstone, ambayo kwa kifupi huitwa Taq, iliondoa adha hiyo: unaiweka mara moja tu. Ukiichemsha kwa nyuzi joto 95 kwa dakika arobaini, nusu yake bado ina nguvu.

Mwaka 1989 jarida la Science liliipa heshima ya kuwa Molekuli ya Mwaka, ya kwanza kuwahi kutolewa na jarida hilo. Mwaka 1991 haki za PCR ziliuzwa kwa Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300. Mullis aliwahi kupewa na mwajiri wake bonasi ya dola 10,000, kisha akapata Nobel mwaka 1993. Hifadhi yenye chemchemi haikupata kitu.

Hilo la mwisho linatuhusu kwa karibu. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilisimama hadharani kudai sehemu ya faida ya vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu vya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, vilivyokwisha kuingia kwenye sabuni na kwenye viwanda vya kulainisha jinzi. Sisi nasi tuna majimoto yetu: katika ukanda wa Singida na Dodoma chemchemi zinatoa mapovu yenye gesi ya heli, na mjini kwenyewe maziwa ya Singidani na Kindai yana maji ya chumvi ambayo heroe huyafuata kwa sababu ya vijidudu vilivyomo. Mtu akipita kandokando ya Singidani anaona ndege na mawe makubwa ya matale. Yaliyo ndani ya kikombe kimoja cha maji yale ni utajiri wa namna nyingine, na napenda siku tukiuhesabu tuwe sisi wenyewe tulioshika kalamu.

Iliyopita kwenye mateso makali zaidi

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe unapoanza, na ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka 2001, katika Maabara ya Biolojia ya Molekuli iliyoko Cambridge, Uingereza, Farid Ghadessy, Jennifer Ong na Philipp Holliger walijiuliza swali ambalo mkulima angelielewa mara moja. Una polimerasi milioni moja zilizotofautiana kidogo kidogo. Utajuaje ipi ni bora, bila kuzipima moja moja hadi uzeeke?

Chukua chupa ya mafuta ya alizeti, tia maji kidogo, tikisa kwa nguvu. Maji yanavunjika kuwa matone madogo yasiyohesabika, kila moja limezungukwa na mafuta, hakuna linalochanganyika na jirani yake. Wao walifanya hivyo kwa mafuta ya maabara. Ndani ya kila tone waliacha bakteria mmoja aliyebeba jeni ya toleo moja la Taq pamoja na Taq yenyewe iliyotengenezwa kwa jeni hiyo, na herufi huru za kuandikia. Joto likipanda, bakteria anapasuka. Sasa polimerasi imebaki peke yake chumbani na jeni iliyoizaa, na kazi iliyo mbele yake ni moja: inakili jeni hiyo.

Inayojua kazi inaacha nakala nyingi za jeni yake. Inayoshindwa haiachi kitu. Mafuta yakiondolewa na matone kuunganishwa, kinachokusanywa chini ni uzao wa waliofaulu. Hakuna jaji. Mtihani na mavuno ni tendo moja, na kila nikiifikiria nafasi ile finyu ndani ya tone, naona ni mojawapo ya mawazo safi zaidi yaliyowahi kupita maabarani.

Kilichobaki ilikuwa kuongeza ukali wa mtihani. Walichemsha zaidi kabla ya kuiruhusu kazi kuanza, na baada ya mizunguko michache wakapata Taq inayostahimili joto mara 11 kuliko ile ya Yellowstone. Kisha wakatia heparini ndani ya matone. Heparini ni dawa ya kuzuia damu isigande, na ni adui mkubwa wa PCR. Ndiyo maana fundi wa maabara hospitalini anajua kwamba damu ya kipimo cha vinasaba huenda kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na kile cha kijani chenye heparini hakikubaliki. Polimerasi iliyotoka kwenye mtihani huo ilihimili heparini zaidi ya mara 130 kuliko mzazi wake.

Iliyosoma mifupa mikongwe

Mwaka 2007 kundi hilohilo lilichanganya vipande vya jeni za polimerasi za bakteria watatu wa jamii ya Thermus, mithili ya nyuki wanaochanganya chavua za mashamba matatu, na shabaha safari hii ikawa DNA iliyoharibika. Washindi walifaulu kusoma DNA ya dubu wa mapangoni waliokufa zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, pale ambapo Taq ya kawaida ilikwama.

Dubu wale waliishi kwenye baridi, na baridi hutunza. Kwetu joto linaivunja DNA upesi, kwa hiyo kila kipande kinachopatikana kina thamani kubwa zaidi. Mwaka 2022 watafiti wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Watanzania, walichapisha DNA ya watu wa kale kutoka mapango ya Malawi, Zambia na Tanzania. Mkongwe kuliko wote alitoka Mlambalasi, Iringa, naye aliishi miaka ipatayo 18,000 iliyopita: hiyo ndiyo ilikuwa DNA ya binadamu ya kale zaidi kusomwa kusini mwa Sahara. Miongoni mwa wenzake yumo aliyezikwa Kisese, Kondoa, majirani zetu wa mashariki. Utafiti huo ulifanyika kwa mbinu zake nyingine, lakini kila DNA ya kale inayosomwa duniani inapita mkononi mwa polimerasi fulani mahali fulani njiani.

Badiliko dogo lenye matokeo makubwa

Wanasayansi wakichora umbo la polimerasi huilinganisha na mkono wa kulia. Ina vidole, ina kiganja ambamo herufi zinaungwa, ina kidole gumba kinachoushika uzi mpya unaotoka. Mkono huu una ulinzi mkali: ukiletewa herufi ya RNA badala ya ya DNA, inakataliwa mlangoni, ingawa tofauti yake ni atomu moja ya oksijeni.

Mwaka 2012 kundi la Holliger lilionyesha kwamba mlango si mmoja. Walichukua polimerasi ya kijidudu kiitwacho Thermococcus gorgonarius, kilichotoka kwenye majimoto ya New Zealand. Kuufungua mlango uliojulikana miaka yote hakukutosha. Lakini walipobadilisha kiungo kimoja tu kwenye kidole gumba, cha namba 664, mbali na mahali kazi inapofanyika, polimerasi ya DNA ikageuka kuwa polimerasi ya RNA na kuandika nyuzi zenye herufi hadi 1,700. Siri ilikuwa kwenye gumba. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka bibi na turubai lake.

Zilizovuka mpaka mkubwa kuliko yote

Mwaka huohuo, mwezi Aprili, ulitoka utafiti ambao kwangu ndio wenye taji la orodha hii. Vitor Pinheiro, Holliger na wenzao, wakiwemo Piet Herdewijn wa Leuven, Ubelgiji, na John Chaput aliyekuwa Arizona, walitangaza polimerasi zinazoandika polima za kurithisha ambazo hazipo popote katika maumbile. Kwa pamoja huitwa XNA.

Fikiria ushanga wa rangi nne. DNA ni ushanga wa namna hiyo: rangi ndizo herufi, na uzi unaozishika umetengenezwa kwa sukari na fosfeti. Katika XNA rangi ni zilezile. Kinachobadilishwa ni uzi, sukari yake ikitolewa na kuwekwa molekuli nyingine. Kwa mara moja walipata sita: HNA, CeNA, LNA, ANA, FANA na TNA. Kemia ya nyuzi hizi ilikuwa imeshafanyiwa kazi na watu wengine kwa miaka mingi. TNA, kwa mfano, ilitoka kwa Albert Eschenmoser na wenzake mwaka 2000, wakitafuta uzi mwepesi ambao huenda uhai wa mwanzo ungeweza kuutumia. Kilichokosekana ni mwandishi. Mkemia aliweza kuunga herufi chache kwa mikono, lakini hakuna kimeng'enya kilichoweza kuhamisha habari kutoka DNA kwenda kwenye uzi mgeni na kuirudisha tena bila kuipoteza.

Mtihani wao ulikuwa wa busara. Polimerasi iliyofaulu kuandika kwa herufi ngeni ilijikuta imeifunga jeni yake kwa uzi imara. Jeni za wavivu zilibaki zimelegea, zikaoshwa na kumwagwa. Waliofaulu wakapewa mtihani mgumu zaidi. Mwishowe habari ilikwenda na kurudi, na usahihi wa safari nzima ulikuwa kati ya asilimia 95 kwa LNA na 99.6 kwa CeNA.

Hawakuishia hapo. Waliichukua HNA yenyewe na kuifanyisha mageuko: matrilioni ya nyuzi tofauti zikapewa kitu cha kushika, zilizoshika zikahifadhiwa. Kimojawapo cha vitu hivyo kilikuwa kipande cha RNA ya kirusi cha UKIMWI. Kingine ni lisozimu, protini inayopatikana kwenye ute mweupe wa yai la kuku. Ute huo tunaumimina kikaangoni kila tunapopasua yai la kuku wa kienyeji wa Singida, na ndani yake mna protini ya kwanza iliyowahi kushikwa na uzi wa HNA uliofunzwa kuikamata. Kabla ya hapo, kurithi na kubadilika vilikuwa mali ya DNA na RNA peke yao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2015, kundi hilo likapata nyuzi za XNA zinazofanya kazi ya kimeng'enya zenyewe, zikikata na kuunga RNA.

Zenye mwendo, pumzi na uaminifu

Hapa nitapita haraka. Kwa mwendo, polimerasi inayonakili kromosomu ya bakteria wa tumboni, E. coli, huandika herufi zipatazo 1,000 kwa sekunde. Kwa pumzi, taji ni la polimerasi ya kirusi phi29, iliyofanyiwa kazi Hispania na mama Margarita Salas: ikishika uzi haiuachii hadi ipite herufi 70,000. Kwa uaminifu, Pfu, iliyotoka kwenye pwani yenye moto ya kisiwa cha Vulcano, Italia, hukosea mara chache kuliko Taq kwa takriban mara sita.

Waandishi wa XNA walianza wakitambaa. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2024 kundi la Chaput, sasa likiwa Irvine, California, lilipotoa polimerasi ya TNA waliyoiita 10-92. Waliipata kwa kuchanganya jeni za vijidudu vya majimoto vya jamii tofauti, kisha kuchuja mizunguko mingi. Inaandika herufi moja hivi kwa sekunde kwa usahihi unaozidi asilimia 99. Ni mara elfu moja nyuma ya E. coli, lakini E. coli imepewa mabilioni ya miaka ya mitihani. Hii imepewa miaka michache. Na uzi wa TNA una sifa ambayo watengeneza dawa wanaitamani: vimeng'enya vya mwilini vinavyomeng'enya DNA na RNA haviutambui, kwa hiyo haviukati.

Iliyozoea damu

Rekodi ninayoipenda zaidi haina kishindo. Mwaka 2009 kundi la Wayne Barnes, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, lilichapisha matoleo ya Taq yaliyochaguliwa kwa mtihani wa damu nzima na udongo mbichi. Damu ina vitu vinavyoiziba Taq ya kawaida hata vikiwa kidogo sana, kwa hiyo maabara nyingi huanza kwa kuisafisha DNA, kazi ya dawa, mashine na saa kadhaa. Matoleo yao yalifanya kazi ndani ya mchanganyiko ambao sehemu yake moja kwa tano ni damu, bila kusafisha chochote. Udongo nao uliingia vivyo hivyo, jambo ambalo mtu wa kilimo atalielewa thamani yake.

Anayechagua mtihani ndiye anayechagua mshindi. Cambridge walichagua heparini, Irvine wakachagua TNA. Mtihani wa kwetu naujua. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anapofikisha wiki chache, muuguzi wa zahanati humchoma kisigino, hudondosha damu kwenye miduara mitano ya kadi ya karatasi, huiacha kadi ikauke pembeni bila kuguswa, huifunga kwenye bahasha yenye vidonge vya kunyonya unyevu, na kadi inasafiri kwa pikipiki na basi hadi kwenye mashine. Ndani ya mashine ile inasubiri polimerasi. Weka ndani ya tone lile la maji joto la chumba kisicho na friji, vumbi la barabara ya Mtinko mwezi wa Septemba, na damu iliyokauka siku kumi kwenye karatasi. Halafu iache kila polimerasi inakili jeni yake yenyewe, na ukusanye zilizobaki.